Mwongozo wa Kuikimbia Ifakara Kabla Hujafika

Hongera kwa ajira. Majina yametoka, lako umeliona, na mbele yake kimeandikwa kituo cha kazi: Halmashauri ya Mji wa Ifakara, kata ya Lumemo. Umelisoma tena ukidhani mtandao umechanganya. Mama ameketi, hasemi kitu. Mjomba, ambaye kwa barabara ya Ifakara hajawahi kuvuka Mikumi, ametikisa kichwa na kutoa hukumu: "Huko ni mbu, maji na wachawi. Nenda karipoti, halafu tutafute mtu wa kukuhamisha."

Mjomba ana nia njema, ila hajui utaratibu. Kuikimbia Ifakara ni kazi inayotaka subira, na wengi huiharibu kwa pupa. Sisi wenyeji tumewapokea watumishi miaka nenda miaka rudi, tukawatafutia vyumba, tukawaonyesha duka la neti, na siku ya siku tukawabebea mabegi hadi stendi. Tunajua hoja gani humgusa afisa utumishi na ipi humfanya acheke. Haya tunakuandikia bure.

La kwanza ni hili: usije kuangalia. Sifa mbaya hutunzika vizuri kwa mbali. Kila mwaka wapo wanaojiponza. Wanasema wanakuja kuripoti tu na kugeuza. Wanafika Kibaoni jioni, njaa inauma, wanaagiza chakula, wanaletewa sahani ya wali unaonukia tangu jikoni na perege aliyetoka mtoni siku hiyohiyo. Wanalala. Asubuhi wanaamka wazima. Ukikutana nao tena wako juu ya baiskeli, wanasalimiana na watu kwa majina. Hao kazi ya kukimbia imewashinda, na lawama ni ya wali.

Ukilazimika kujua habari za huku, zipate kwa wenye sifa ya kuzitoa. Yupo mtu aliyepitia JKT Chita. Huyo ni shahidi wa thamani kubwa. Aliletwa bondeni akiwa kijana, akaamshwa saa kumi alfajiri, akakimbizwa, akalimishwa mpunga tope likimfika magotini, na hakuwahi kuonja jioni moja ya kukaa barazani bila filimbi. Mtu wa namna hiyo hata angepelekwa Zurich angerudi akiisema vibaya. Yupo pia aliyewahi kuwa mgeni wa serikali katika gereza la Kiberege au la Idete. Naye ana maoni yake kuhusu hali ya hewa. Ukichunguza utaona kwamba kwa miaka mingi sifa za bonde hili zimebebwa nje na makundi mawili ya watu ambao hawakuja kwa hiari. Wewe, ndugu mtumishi, ni kundi la tatu, na tunakutegemea.

Sasa barabara. Zamani hii peke yake ilitosha. Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni kilomita 67 hivi, na masika mtu aliweza kuianza safari kijana akaimaliza mzee. Magari yalinasa Kiberege, abiria wakashuka kusukuma, mama mkaanga mihogo akajipatia riziki, dereva akalala chini ya lori. Hadithi hizo zilikuwa mtaji. Kwa masikitiko tunakutaarifu kwamba lami imefika, na pale Ruaha limewekwa daraja jipya. Hasara ni kubwa. Ushauri wetu: simulia matope yaleyale, ila kwa wakati uliopo. Usiseme "ilikuwa"; sema "ni". Mjomba hatakuja kuhakiki.

Fanya vivyo hivyo kuhusu kivuko. Mtu wa Mahenge alikuwa akifika ukingoni mwa mto Kilombero anasubiri kuvushwa, na mwaka ambao mto umefura alisubiri na kuomba Mungu. Januari 2016 kivuko kilipigwa na dhoruba kikazama, na hilo si la kulifanyia mzaha. Mwaka 2018 likazinduliwa daraja la mita 384, ambalo leo bajaji hulipita bila hata kupunguza mwendo. Usilitaje. Wala usitaje reli. Ukisema kwamba TAZARA inapita hapa tangu miaka ya 1970, kwamba Wachina waliijenga wakiwa na kambi Mang'ula, na kwamba treni ya Kipisi ilikuwa ikisimama kila kijiji ikapakia ndizi, kuku, mchele na wachuuzi wake, msikilizaji ataanza kujiuliza ni "porini" gani huko kwenye reli ya kimataifa.

Tuje kwenye malaria. Hapa ndipo penye hazina yako, kwa hiyo tulia, maana ukiitumia vibaya itakugeukia.

Namba ya kukariri ni 300. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walikesha katika kijiji cha Namawala wakiwahesabu mbu, wakakuta kwamba mwanakijiji mmoja aling'atwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Gawanya mwenyewe: ni karibu kila usiku. Hakuna uongo hapo, na mwandishi wa mwongozo huu hatakuambia kwamba sifa ilikuwa ya kusingiziwa. Watoto walizikwa. Akina mama walikuwa wakihesabu waliowazaa na waliobaki, hesabu mbili tofauti. Bonde lilistahili kuogopwa, na waliokuwa na sababu kubwa ya kuliogopa ni wale waliokuwa ndani yake, ambao hawakuwa na pa kuombea uhamisho.

Ila ukiitaja 300, mtu asikuulize mwaka. Akikuuliza umekwisha, kwa sababu atataka kujua yaliyofuata.

Yaliyofuata yalianza hata kabla ya hapo. Mwaka 1949 alifika Ifakara profesa Mswisi, Rudolf Geigy wa Basel, mtu aliyevutiwa na vitu ambavyo wenzake waliviepuka: papasi, mbung'o, mbu. Popote pengine duniani tungemwona ana matatizo. Hapa alipata kila alichokuwa akikitafuta, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko. Maabara hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa hiyo ubaya wetu ulikuwa na faida yake: mji mwingine ungepewa kiwanda, sisi tulipewa darubini. Watoto wa Idete walichomwa sindano za chanjo ya SPf66 iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia. Majibu yalipotoka mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, dunia ikachangamka, kisha majaribio ya kwingineko yakaikatisha tamaa na chanjo ikawekwa kando.

Neti haikuwekwa kando. Kati ya 1996 na 2000 katika wilaya za Kilombero na Ulanga ziliuzwa neti zenye dawa kwa jina la Zuia Mbu, kwa bei ya kusaidiwa, kwenye maduka ya kawaida kabisa, kando ya sabuni na mafuta ya taa. Watafiti walipohesabu, watoto waliolala ndani ya neti hizo walionekana kuwa na nafasi ya kuishi kubwa zaidi kwa asilimia 27. Uzoefu huo ulisaidia kuzaa mpango wa nchi nzima wa hati punguzo ulioanza mwaka 2004, ile karatasi ambayo mama mjamzito alipewa kliniki akanunulie neti. Yaani kama mdogo wako alizaliwa Dodoma au Mbagala na akalala ndani ya neti ya hati punguzo, aliyemkinga ni mtoto wa Kilombero aliyehesabiwa kabla yake. Hili usimwambie mama. Atalainika.

Na hili usimwambie mtu yeyote: mjini Ifakara maambukizi yameporomoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia mbu wa hapa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukakuta kushuka kwa namna ambayo wazee wetu wasingeiamini. Neti, dawa mseto, nyumba za tofali na bati zenye wavu madirishani badala ya zile za nyasi na udongo, vyote vimechangia. Haijaisha. Vijijini ipo, na mbu anayeitwa funestus ameshika usukani, amezoea dawa za kwenye neti na hana haraka. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, uliowapima watoto wa chini ya miaka mitano, uliikuta nchi kwenye asilimia 8, na mkoa uliokuwa juu kabisa, wenye karibu mtoto mmoja kati ya wanne, ulikuwa Tabora. Je, umewahi kumsikia mtu akilia kwa kupangiwa Tabora kwa sababu ya mbu? Tabora inasifiwa asali. Sisi tulipata sifa kwa kuwa tulipimwa kwanza. Anayepimwa ndiye anayeonekana mgonjwa.

Kwa hiyo utafanyaje na hoja yako? Nenda Kining'ina. Watafiti wana eneo wanaloliita Mji wa Mbu: nyumba kubwa za wavu, mbu wanafugwa humo, wanalishwa, wanatunzwa, wanasomwa. Piga picha kwa nje, tuma kwenye kundi la familia la WhatsApp, usiandike maelezo. Picha itafanya kazi yake yenyewe.

Joto hatulizungumzii sana. Lipo. Ifakara iko chini, milima ya Udzungwa imesimama upande mmoja ikizuia upepo na kuleta mvua, na mwezi wa pili shuka ni pambo tu. Ila wewe umekulia Dar es Salaam. Ukilalamikia joto utachekwa.

Wachawi ni hoja nyepesi, tumia kwa kiasi. Ni kweli kwamba watu wamekuwa wakivuka mto kwenda upande wa Ihowanja kunyolewa, kila mwenye kushukiwa na kila mwenye kushuku, ili uchawi uwatoke na ugomvi wa ukoo uishe. Tatizo la hoja hii ni kwamba kwenye foleni ya kunyolewa wamo pia wageni waliopanda basi tangu Dar es Salaam. Mjomba akiendelea kulikazania jambo hili, mtazame nywele.

Hatari kubwa kuliko zote ni chakula, na hapa tunakuonya kwa dhati. Wajerumani walilielewa hili zamani. Boma lao walilijenga juu Mahenge, kwenye ubaridi, ambako wapiganaji wa Majimaji walilishambulia mwaka 1905. Lakini mchele waliununua huku chini. Ndiyo desturi iliyobaki mpaka leo: kulisema bonde ukiwa mlimani huku umeshiba chakula cha bondeni. Mchele wa Kilombero umesafiri kuliko wenyeji wake. Malawi, kule Karonga, wanalima mpunga wenye harufu nzuri na kuuita Kilombero, na Mmalawi anayeupigania sokoni huenda hajui kama Kilombero ni mto, mtu au kijiji. Hapa kwenyewe tuna kituo cha utafiti, KATRIN ya zamani ambayo sasa ni TARI Ifakara, kilichotoa mbegu ya SARO 5 inayozaa kwa wingi. Ila mwenye kula atakuambia Supa ndiyo Supa, SARO ni ya kuuza. Mjadala huo usiuingilie. Umevunja urafiki wa watu wazima.

Jilinde hivi: kula ugali. Mwenye nyumba akikukaribisha mezani, sema umeshiba. Atasema, "Mwanangu, onja kidogo tu." Usionje. Msimu wa mavuno ukifika na majirani wakirudi kutoka dunguni walikokaa wiki nyingi wakiamia kweleakwelea, watakuletea kisado cha mchele mpya bila kuombwa. Kikatae ukiweza. Hatujamwona aliyeweza.

Hapa inabidi tuseme nawe waziwazi kidogo, maana ukitaka kuitunza sifa mbaya ni vizuri kuwajua washirika wako. Sifa ya Ifakara haijabaki kwa uvivu wa watu kusikia habari mpya. Imebaki kwa kuwa ina wateja. Mnunuzi anayeingia na lori msimu wa mavuno anahitaji mkulima aamini kwamba yuko mwisho wa dunia, kwamba kumfikia ni hisani, kwamba gunia la lumbesa lenye kilemba juu ni ada ya matope. Lami imekuja, kilemba hakijashuka. Muuzaji huko mjini anaupakia mchele wetu kwenye mfuko uliochapwa jina la Mbeya, kwa kuwa Mbeya inasikika baridi na safi. Ndugu aliyeondoka anaihitaji sifa hiyo ili asije kwenye misiba. Na mtumishi, samahani, anaihitaji ili kila kilichoharibika kazini kiwe kosa la mazingira magumu. Mtoto hajui kusoma darasa la nne? Mazingira magumu. Dawa zimeisha? Mazingira magumu. Bonde limebeba mengi mgongoni.

Kuna namba nyingine za kuzificha. Sensa ya 2002 iliikuta wilaya ya Kilombero na watu 321,611; ya 2012 ikakuta 407,880; kufikia 2022, ukijumlisha mji wa Ifakara na upande wa Mlimba, nusu milioni imepitwa. Si wote hawa waliozaliwa hapa. Wamekuja Wahehe kutoka mlimani, Wangoni, Wasukuma na ng'ombe wao, Wachaga na maduka yao, wakawakuta Wandamba, Wambunga, Wapogoro na Wabena. Hakuna aliyepangiwa kituo. Walikuja kwa miguu yao, kwa basi na kwa treni, wakatafuta eka.

Na hapo ndipo kejeli inapoanza kuwa nzito kuliko mwandishi. Ifakara ni mahali pasipokaliwa na mtu, na kila mtu anapataka. Serikali ya Mwingereza miaka ya 1940 iliwahamisha watu na kuwakusanya kwa sababu ya malale. Mwaka 2002 eneo la tambarare oevu, hekta zinazokaribia laki nane, liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia, kwa ajili ya maji, ndege na sheshe, swala ambaye sehemu kubwa ya waliobaki duniani ilikuwa hapa. Mwaka 2012 ikaja operesheni ya kuwaondoa wafugaji na mifugo. Pale Mngeta shamba moja limepita mikononi mwa Wakorea Kaskazini na Watanzania, kisha kwa wawekezaji wengine, kisha likayumba. Kaskazini miwa ya Kilombero inazidi kupanuka. Mkulima mdogo akiuliza shamba la babu yake liko upande gani wa mpaka, huonyeshwa ramani, na ramani huwa mpya. Sheshe nao wamepungua sana. Ubaya wa sifa yetu haukuwasaidia. Mahali pabaya hivyo hapagombewi hivyo.

Haya, barua. Bila barua hakuna uhamisho. Nakala hii imepitishwa kizazi hadi kizazi. Jaza nafasi zilizo wazi.

YAH: OMBI LA UHAMISHO KWA SABABU ZA KIAFYA

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mtumishi niliyeripoti tarehe ____. Tangu nifike nimekuwa nikisumbuliwa na ____ (usiandike malaria, watakupima, na majibu yatatoka hasi). Aidha, mwenza wangu anaishi ____ (hata kama bado hujampata). Kwa kuzingatia ugumu wa mazingira, naomba nihamishiwe mkoa wa Pwani, Dar es Salaam au popote pasipo na mbu. Natanguliza shukrani."

Ukiona barua inachelewa, jaribu kubadilishana kituo na mtumishi mwenzako. Andika tangazo: "Nipo Ifakara, natafuta wa kubadilishana naye." Tunakutahadharisha tu kwamba mara nyingi anayejibu ni mtu aliyewahi kuishi hapa, akahama, na sasa anataka kurudi. Msikutane ana kwa ana. Atakusimulia mambo.

Imebaki hoja moja ambayo hatukuiweka mwanzoni, na tunakusihi usiiguse: maji. Utashangaa, maana ndiyo hoja ya kweli kuliko zote. Lakini maji ni ya aina mbili huku, na anayeyachanganya hujulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

Mto Kilombero hufurika masika, tambarare inageuka ziwa, mitumbwi inapita palipokuwa na njia ya baiskeli. Hayo si maafa, hiyo ni kalenda. Maji yale huleta rutuba, yakishuka huacha mpunga, samaki na malisho. Wandamba waliishi nayo. Walijua kiinuko kipi kinabaki kikavu, mwezi upi wa kushuka shamba na upi wa kupanda. Mtu aliyeyaita mafuriko hayo laana hajawahi kula kambale wa mwezi wa sita.

Mto Lumemo ni habari nyingine. Huu ni mfupi, unashuka kutoka Udzungwa kwa kasi, na unapita ubavuni mwa mji. Mvua ikikaa siku kadhaa kule juu, huku chini jua linaweza kuwa linawaka na bado usiku ukaamshwa na maji mlangoni. Masika ya 2024 maji yalijaa ndani ya nyumba za watu. Watu walihama na magodoro kichwani, vyoo vikabomoka, waliolima karibu wakapoteza shamba na akiba ya ndani kwa pamoja. Hii ndiyo dosari ya Ifakara tunayoikubali bila ubishi. Ila haikutokana na asili ya bonde. Mto ulikuwepo. Mji ulipokua, viwanja vilikatwa mpaka kwenye njia yake, vikauzwa na kununuliwa, vikajengwa, na mchanga ukaendelea kujaa kwenye kina bila mtu wa kuutoa. Ndiyo maana tunasema hoja hii usiiguse: ukiitumia kwenye barua, anayeisoma atalazimika kujiuliza nani aligawa viwanja vile, tuta liko wapi, na mto ulisafishwa lini. Mbu hana maswali ya namna hiyo. Mbu hana saini.

Basi hukumu yetu, ukiitaka, ni hii. Sifa mbaya ilikuwa haki yetu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990. Tuliilipia, na risiti tunazo. Ya leo ni ya kuazima, inawafaa wengine. Malalamiko tuliyonayo sasa ni ya ardhi na ya mto, na hayo hayapungui hata kidogo kwa watumishi kukimbia. Yanapungua kidogo mwalimu anapobaki miaka mitano na nesi anapomjua mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

Lakini mwongozo huu ni wa kukimbia, na tumekuahidi. Ukishindwa hatua zote ukajikuta umeshuka Kibaoni na begi, panda bajaji uje Lumemo, uliza nyumba ya kupanga. Vyumba vipo. Mwenye nyumba atakuonyesha bati, bomba, wavu wa dirishani, na atataka kodi ya miezi sita mkononi. Kabla hujaitoa, nenda kwa jirani, si kwa mwenye nyumba, msalimie vizuri, kisha umwombe akuonyeshe ukutani maji ya 2024 yaliishia wapi.